Nyumba Yangu na Ghala la Dada

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Mjomba amekuja kugawa mali ya marehemu Baba. Mali yenyewe: nyumba ya mawe, ghala la mawe, uwanja wa matope katikati, kisima, na ng'ombe mmoja mwenye umri wa kutosha kupiga kura. Warithi ni wawili, mimi na Dada. Mjomba akasema utaratibu wa ukoo ni ule ule, mmoja anakata na mwenzake anachagua. Dada ndiye mkubwa, akakata. Nyumba upande huu. Ghala, ng'ombe na kisima upande ule. Mjomba hajafunga mdomo, mimi nimeshasema nyumba!

Dada akasema sawa. Basi. Hakulia, hakununa. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, hata maneno ya kumfariji nilikuwa nimeyakariri tangu juzi. Yameniozea mdomoni. Kwa ukarimu nikampa mpaka jioni awe amehama. Akajitwika godoro, akavuka uwanja kwenye mvua. Nilimshikia mlango, asije akasema sikumsaidia.

Mjomba, akiondoka, akanikumbusha kwamba Dada ndiye aliyemuuguza Baba miaka yote hiyo nilipokuwa mjini kwenye shughuli zangu. Nikamwambia shughuli ni shughuli. Akaniuliza shughuli gani. Huyu mzee ana maswali.

Jioni nimezunguka nyumba yangu. Yangu! Kuta nene kiasi kwamba mtu anaweza kulala dirishani akageuka. Ngazi za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Nikaketi kwenye kiti cha Baba. Kuna kimya humu ndani.

Jumatano, 5 Novemba

Baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Nimewasha moto sebuleni, moshi ukakataa kupanda, ukakaa nami. Ukutani kuna doa la kijani. Jana lilikuwa kama sahani, leo ni sinia. Kuta zinatoka jasho, nami natetemeka.

Wanasema nyumba hii zamani ilikuwa kavu. Kisha Baba akaipiga plasta ya saruji nje yote, akang'oa madirisha ya mbao akaweka ya chuma, kwa ushauri wa msomi fulani aliyekuwa akimpigia simu kutoka mjini kumhimiza aende na wakati. Sitamtaja. Alikuwa na nia njema.

Ng'ambo ya uwanja, Dada analala darini, juu ya ng'ombe. Joto la mnyama linapanda kupitia nyufa za mbao. Asubuhi nimemwona mlangoni kwake amevaa gauni la mikono mifupi. Mikono mifupi! Mimi nilikuwa na makoti mawili na taulo kichwani. Nimejificha nyuma ya pazia asinione.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekutana njiani na Mzee wa Kinu. Ana kinu cha kusagia cha mawe kule mtoni, na mwaka jana Idara ya Mambo ya Kale ilikibandika kibao cha shaba: Jengo la Kihistoria, na chini yake jina lake. Tangu siku hiyo anatembea kama yeye ndiye aliyevumbua maji. Wageni wanakuja kupiga picha, naye anajipitisha mbele ya kamera kwa bahati mbaya. Leo ameniuliza, kwa huruma, kama nyumba yetu ina umri wowote. Umri wowote!

Na si heshima tu. Jengo lenye kibao, Idara inalitengenezea paa. Paa langu linavuja kila mahali isipokuwa penye ndoo.

Nimepiga simu Idarani. Afisa atakuja Jumatatu. Dada sikumwambia. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku mbaya. Naandika nikiwa bado na suti.

Afisa ni mwanamke mfupi, buti za mpira, utepe wa kupimia shingoni. Nimempokea mlangoni na hotuba kuhusu mababu. Ameitazama nyumba yangu kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Akagonga plasta, akagusa dirisha la chuma, akaniambia pole. Pole, kama nimefiwa! Akaeleza kwamba mawe yaliyomo ndani yanakaa majimaji, kwa sababu saruji haiachi ukuta upumue. Nikamuuliza ni nani aliyewahi kusikia ukuta ukipumua. Alikuwa ameshageuka kutazama ng'ambo ya uwanja.

Akaomba kuchungulia lile ghala. Nikamwambia ni banda tu la ng'ombe, lina viroboto. Akaingia, asitoke mpaka mchana.

Nimesimama mlangoni nikimsikia akiguna kwa furaha kila hatua. Kumbe ile milango miwili mikubwa, wa mbele na wa nyuma, iliwekwa ikitazamana makusudi: watu walipura nafaka pale katikati, wakaifungua yote, upepo ukapita ukachukua makapi. Kumbe boriti zimeungwa kwa vigingi vya mbao, hakuna msumari hata wa dawa. Kumbe yale matundu ya ukutani ni membamba kwa nje na mapana kwa ndani, ili hewa na mwanga viingie na mvua ibaki huko huko. Hata mfereji wa mkojo wa ng'ombe, uliochongwa kwenye jiwe, ameupiga picha. Akamaliza kwa kusema ghala lilitangulia, nyumba ilikuja baadaye, ikajengwa kwa mawe yaliyobaki. Kwa hiyo mimi naishi kwenye makombo.

Mwishoni akawa anapapasa yale mawe marefu yanayotokeza ukutani huku akimweleza Dada jambo. Sikusikia. Nilikuwa nimetoka nje kwa hasira na kukanyaga nilichokanyaga.

Akauliza mwenye ghala ni nani. Dada akafuta mikono kwenye gauni, akasema ni yeye, kwa sauti ya mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Afisa atarudi tarehe 24 na mkuu wake, waamue. Kisha Dada akamkaribisha viazi. Wamekula pamoja, nawasikia wanacheka. Nimekula mkate mkavu peke yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwendea Dada kwa upole. Nikamwambia nimekuwa nikiwaza afya yake, mwanamke wa umri wake kupanda ngazi ya mbao kila siku, na kwamba mimi kama ndugu niko tayari kujinyima, nimwachie nyumba, nihamie kwenye lile banda na mateso yake yote. Akaendelea kukamua. Akasema ngazi ameizoea. Akasema pia, bila kuinua macho, kwamba majuto ni mjukuu.

Kisha akaniambia ukweli wake. Paa la ghala linaingiza maji, na yeye hana uwezo wa kulitengeneza. Kibao kisipokuja, itabidi amuuze ng'ombe, akaishi kwa binti yake mjini, kwenye kochi la sebuleni, akisubiri watoto wamalize kutazama televisheni ndipo alale. Akasema amezaliwa hapa na angependa kufia hapa. Alisema kwa utaratibu tu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nilijisikia vibaya mpaka nikafika katikati ya uwanja.

Nimempigia Mjomba. Amesema aliyechagua amechagua, kisha akakata simu. Haya. Aliye juu mngoje chini.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimepata wazo! Kama afisa anapenda vitu vya kale, nitampa nyumba ya kale. Nimeanza kubandua plasta ya mbele kwa tindo na nyundo. Saruji inatoka na nyuso za mawe, kama plasta ya kidonda inavyotoka na nywele. Chini yake mawe yana rangi ya meno mabovu.

Ili ukungu na kuvumwani, ule uoto wa kijani wa mawe ya kale, viote haraka, nimechanganya maziwa yaliyoganda, samadi na maji, nikapaka ukuta wote kwa ufagio. Ushauri nimeuokota kwa kinyozi. Kufikia mchana nzi wamekuja kutoka wilaya tatu. Mzee wa Kinu akapita, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Dada akamwambia ni mimi, lakini bado natembea. Wakacheka wote wawili, halafu Dada akaniletea maji ya moto ya kuoga. Nikayakataa kwa heshima. Akayaacha mlangoni. Nikaoga.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nimefanya kazi ya mikono na ya akili.

Nilikuwa nikitazama ghala nikijiuliza lina nini ambacho nyumba yangu haina. Jibu: yale mawe marefu. Yametokeza ukutani hapa na pale, nje na ndani, hayashiki kitu chochote. Moja Dada analitundikia ndoo. Jingine lilinipasua kichwa nikiwa mtoto na kovu ninalo. Fundi wa zamani bila shaka alikuwa mvivu wa kuyakata. Lakini afisa aliyapapasa kama paka! Basi yakikaa juu ya mlango wangu, mlango wangu ndio utakaopapaswa.

Dada kaenda sokoni kama kila Jumamosi. Nimechukua mtaimbo wa Baba, nikazunguka nyuma, ukuta unaotazama korongo, ambako hapiti mtu ila mbuzi. La kwanza limenitoa jasho. Nilidhani ni refu kama mkono, kumbe limepita ukuta mzima, kutoka uso wa nje mpaka wa ndani! Upotevu mtupu wa jiwe. Lilipotoka, kifusi cha katikati kikamwagika kidogo kama mtama kutoka kwenye gunia lililotoboka. Nikakirudisha kwa mkono. Yaliyofuata yametoka kwa hiari zaidi.

Kwenye matundu nimeweka vipande vifupi, kimoja kwa nje na kimoja kwa ndani, vimetokeza vile vile kama vya awali, nikaziba kwa udongo. Huwezi kujua. Hata kile cha ndoo, nimerudisha ndoo. Ng'ombe alinitazama muda wote, lakini ng'ombe hasemi.

Jumapili, 16 Novemba

Mgongo hauinuki. Mawe nimeyapanga juu ya mlango, yametokeza safi kabisa. Nyumba imeongezeka karne nzima.

Dada akaja kuyatazama. Akauliza nimeyatoa wapi. Nikasema korongoni. Akasema ni mazuri, na Baba angefurahi kuniona nashika kazi. Akaniwekea jagi la maziwa dirishani. Nimeyanywa nikiwa nimeyapa yale mawe mgongo.

Jioni ameniita niende kuota joto. Nilikataa. Halafu nikaenda, kwa sababu ya baridi tu. Kule ndani kuna joto la kweli, lenye harufu ya majani makavu na pumzi ya mnyama. Tumekaa juu ya magunia tukamkumbuka Mama, jinsi alivyokuwa akipepeta maharage kati ya ile milango miwili na kutufukuza tusizibe upepo. Dada akacheka mpaka akafuta macho. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa na mtu hivyo, bila mmoja wetu kutaka kitu.

Wakati wa kutoka, mlango wa nyuma ulikwama. Dada akasema umeanza jana. Nikamwambia ni mvua, mbao huvimba.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua bila kupumzika. Ukuta wa nyuma wa ghala umeota kitambi. Si kikubwa. Mzee wa Kinu ana kikubwa zaidi na bado anatembea.

Dada naye amekiona. Anataka kuita fundi. Akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia methali inasema ufa, huu si ufa, ni kitambi, na kitambi hakina methali. Ukweli ni kwamba fundi akigusa tu atakuta vipande vyangu vifupi, na udongo wangu mbichi, na baada ya hapo kila mtu atatazama juu ya mlango wangu.

Nimeshinda nikipanga kuni kwenye ukuta ule, kutoka chini mpaka nilipofika, zikifiche kile kitambi. Dada akadhani nimemletea kuni. Akanishukuru! Akampigia Mjomba simu mbele yangu kumwambia kwamba mdogo wake amebadilika. Mjomba akataka kuongea nami. Akaniambia alikuwa amenikosea na anaomba radhi. Nimesema ahsante Mjomba.

Ijumaa, 21 Novemba

Kitambi kimesukuma kuni. Baadhi zimeviringika mpaka korongoni.

Nimeamua kumwambia. Kweli nimeamua. Nimevuka uwanja na sentensi ya kwanza tayari mdomoni. Dada alikuwa anapaka mlango wa mbele mafuta, amejifunga kitambaa, anaimba chini chini. Kabla sijasema, akasema yeye. Amemwomba afisa kwamba kibao kikija kiandikwe jina la Baba, na chini yake majina yetu wote wawili. Amesema ghala ni lake kwa mgawo lakini nyumbani ni kwetu.

Jina langu! Kwenye shaba! Sentensi yangu ikarudi tumboni. Nitamwambia Jumanne. Kibao kikishapigiliwa, ukuta utatengenezwa na Idara, kila kitu kitakaa sawa bila mtu kuumia.

Lakini yeye analala mle. Hilo limenifuata siku nzima. Jioni nikarudi, nikamwambia aje alale nyumbani, nyumba ni kubwa, vyumba vitupu, kesho keshokutwa hata miezi. Dada akacheka, lakini si kile kicheko cha Jumapili. Akasema ananijua mimi, nataka atoke siku tatu kabla ya wageni ili niwaambie nimekuwa nikikaa mimi mle. Nikaapa. Akasema mara ya mwisho nilipoapa Baba aliuza shamba la chini. Nikamwambia safari hii namwambia kwa nia safi. Akasema hata ile ilikuwa safi.

Nimekaa sebuleni na doa langu la kijani. Limefika dari. Nina hofu. Naandika kama ilivyo: nina hofu.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika haraka, mwandiko usomeke hivyo hivyo.

Alfajiri nimetazama kutoka dirishani na kuona paa la ghala limeinama upande wa nyuma, kidogo tu, kama mtu anayetega sikio. Nikajua nikibisha hatanisikiliza. Dada mtu anaweza kumdanganya, kumwapia, kumlilia, hatatoka. Lakini ng'ombe wake akiguswa atatoka hata akiwa maiti.

Nikaingia taratibu, nikamfungua ng'ombe. Amegoma mlangoni. Nikamvuta, nikamsukuma, nikamwomba kwa jina la Baba. Akaja. Nikamvusha uwanja mpaka sebuleni kwangu, akapindua meza, akajisaidia kwenye zulia, akaanza kula pazia. Nikapiga kelele mlangoni kwamba ng'ombe nimemchukua mimi na simrudishi!

Dada akateremka na gauni la kulalia, bila viatu, matope mpaka magotini. Akaingia kwangu na ufagio. Sijawahi kumwona hivyo. Akaniita mwizi, nimeiba nyumba sasa naiba ng'ombe, mtu asiyeshiba, mtu aliyemwacha baba yake afe akiuliza kama simu imeita. Maneno aliyokuwa nayo tangu tarehe tatu yote yakatoka. Akanipiga ufagio mabegani. Nami nilikuwa nikimwambia ndiyo Dada, endelea Dada, usirudi Dada.

Ndipo tukasikia. Kwanza kama mtu anamwaga kokoto, halafu sakafu ikatikisika chini ya miguu yetu, halafu vumbi likaingia madirishani. Ng'ombe akaacha kutafuna.

Ukuta wote wa nyuma umelala korongoni. Boriti zimening'inia. Godoro la Dada liko chini ya mawe, ncha yake moja tu inaonekana.

Dada akasimama uwanjani, ufagio mkononi. Nikasubiri aniambie ahsante, maana nimemwokoa, hilo hakuna wa kulibisha. Akapanda juu ya kifusi. Akaokota kimoja cha vile vipande vyangu vifupi, bado kina udongo mbichi. Akakigeuza. Akageuka akatazama nyumba yangu, juu ya mlango. Kisha akakiweka chini pole pole, akaja kumchukua ng'ombe wake.

Jumatatu, 24 Novemba

Afisa amekuja na mkuu wake. Afisa alishika tu utepe wake. Mkuu akamuuliza yale mawe marefu yako wapi, maana ukuta ule ni kuta mbili nyembamba zenye kifusi katikati, na yale mawe ndiyo yaliyokuwa yakizishikanisha. Ukiyatoa, kila ukuta unabaki na lake. Akaokota kipande kimoja, akakikuna kwa ukucha. Akauliza nani ameyachomoa.

Nilikuwa nimesimama chini ya mlango wangu. Nilisogea kidogo upande, nikaona nimeharibu, nikarudi.

Dada akasema ni mvua. Akasema mvua ya mwaka huu imekuwa nyingi mno. Mkuu akatazama juu ya kichwa changu, akamtazama Dada, akafunga begi. Kibao hakipo. Afisa akamshika Dada mkono wakasimama hivyo. Hakuna aliyenishika mkono mimi.

Nimemfuata Dada kumshukuru kwa kunisitiri. Akasema hakunisitiri mimi, amemsitiri Baba.

Jumanne, 25 Novemba

Lori la mkwewe limekuja asubuhi. Ng'ombe wameshamuuza kwa Mzee wa Kinu. Alipelekwa kwa miguu, na kila hatua chache aligeuka kutazama. Dada hakugeuka. Vitu vyake vimejaa nusu ya lori tu.

Amemwambia Mjomba ghala lililobaki nipewe mimi. Sasa vyote ni vyangu: nyumba, ghala, kisima, uwanja. Nimewahi kuota siku hii. Nikamwambia akae, nitamtengenezea chumba, nitapaka rangi, nitamletea moto. Akanitengeneza kola ya koti kama alivyokuwa akinifanyia nikienda shule, akasema baki salama mdogo wangu, funga madirisha mvua ikija. Akapanda.

Nimelia. Nimelia kwa sauti, uwanjani, kama mtoto. Mzee wa Kinu alikuwa anapita na hakusema neno la mzaha, nami nikaona ni heri angesema.

Usiku huu hakuna taa ng'ambo.

Jumatano, 26 Novemba

Nimeamka na akili safi kabisa.

Yule mkuu wa Idara, wakati anapanda gari, alisema neno ambalo kwa ule msiba wa jana na juzi sikulitilia maanani. Alimwambia afisa kwamba angalau magofu nayo yana daftari lake. Magofu! Yana kibao, yana uzio, yana wageni. Na gofu halihitaji paa, kwa hiyo gharama hakuna.

Nimekwenda kulikagua. Tatizo nimeliona mara moja. Ukuta mmoja ukianguka, mtu anaona ajali. Zikianguka mbili, mtu anaona historia. Wa mbele bado umesimama wima kama askari, unaharibu sura yote. Lakini nao una mawe yake marefu, na mtaimbo uko pale pale nilipouacha. Safari ile kosa langu lilikuwa kuanzia upande mbaya.

Nimemwazia Dada pia. Kibao cha gofu kina nafasi ya majina mengi, nitaliweka lake juu ya langu. Akisikia hivyo atarudi, hana moyo wa jiwe. Nimempigia kumweleza. Simu imeita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikaita tena. Labda yuko jikoni na binti yake. Nitamtafuta kesho nikishauangusha ule wa mbele, nimpe habari ikiwa kamili.